Supakondakta hutafutwaje?

Kule Ikolomani, Kakamega, wachimbaji dhahabu huukanda mchanga uliosagwa pamoja na zebaki, mara nyingi kwa mikono mitupu, hadi dhahabu ishikamane nayo. (Ni sumu, na kila mtu kule anajua ni sumu, lakini hilo tuliache kwa leo.) Zebaki hiyohiyo ndiyo iliyofungua habari hii. Mwaka 1911, mjini Leiden, Uholanzi, Heike Kamerlingh Onnes aliipoza kwa heliamu ya kimiminika hadi karibu nyuzi 269 chini ya sifuri. Ukinzani wake wa umeme ukatoweka, ghafla kama taa iliyozimwa.

Kitu chenye tabia hiyo huitwa supakondakta. Kondakta wa matatu hutoza nauli. Waya wa shaba nao hutoza umeme nauli: unapata joto, na joto hilo ni umeme uliopotea njiani. Supakondakta haitozi hata ndururu. Taabu yake ni baridi, kwani kila moja ina kiwango chake cha joto, na ikishapita hapo inarudi kuwa kitu cha kawaida. Kutafuta supakondakta mpya, basi, ni kutafuta mchanganyiko wenye kiwango cha juu zaidi, au ulio rahisi zaidi kutumia.

Kijana mmoja wa huko machimboni aliniuliza vitu hivi vinachimbwa wapi. Vingi havichimbwi, hupikwa. Mtafiti hupima unga wa madini mbalimbali, huutwanga kwenye kinu kidogo, huugandamiza uwe kidonge mfano wa sarafu, kisha huuoka tanurini kwa saa nyingi. Mara nyingi hutwanga tena na kuoka tena. Kidonge kikiwa tayari hupozwa na kupewa mitihani miwili. Wa kwanza ni wa ukinzani, kwa nyaya nne: mbili zinapitisha umeme na mbili zinapima volti, ili ukinzani wa maungio usihesabiwe. Wa pili ni wa sumaku, kwa kuwa supakondakta ya kweli husukuma nguvu za sumaku zitoke ndani mwake, jambo lililogunduliwa na Meissner na Ochsenfeld mwaka 1933. Mtihani mmoja hautoshi. Mwaka 2023 kidonge kilichoitwa LK-99, kutoka Korea Kusini, kilitikisa mitandao kwa madai kwamba hakihitaji kupozwa kabisa. Ushahidi wake ulikuwa ukinzani ulioshuka ghafla, lakini mshuko huo ulikuja kuonekana kuwa umetokana na uchafu wa shaba na salfa uliobaki ndani yake.

Lakini upike nini, na michanganyiko haina idadi? Bernd Matthias, aliyegundua supakondakta nyingi katikati ya karne iliyopita, alikuwa na kanuni zake: kaa mbali na oksijeni, mbali na usumaku, mbali na vitu visivyopitisha umeme, na mbali na wataalamu wa nadharia. Hiyo ya mwisho ilikuwa na utani ndani yake, ila si mwingi.

Kanuni zote hizo zimevunjwa. Mwaka 1986, karibu na Zurich, Bednorz na Müller walioka mchanganyiko wa shaba na oksijeni, jamii ya vigae, ukapitisha umeme bila ukinzani kwenye joto ambalo hakuna supakondakta iliyowahi kulifikia. Mwaka uliofuata ndugu yake mwenye itriamu na bariamu alifika nyuzi 180 chini ya sifuri. Kwa nini watu walishangilia? Daktari wa ng'ombe akija kuhimilisha kule Njoro, hubeba mbegu za fahali kwenye mtungi, na akiufungua ukungu mweupe humwagika ukingoni. Hiyo ni naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Kuanzia hapo kidonge cheusi kiliweza kupozwa kwa kitu kinachobebwa kwa pikipiki, bila heliamu ya bei ghali.

Kanuni ya usumaku ilianguka mwaka 2008, Hosono wa Japani alipotumia chuma. Wanadharia nao walilipiza kisasi: hesabu za kompyuta zilitabiri kwamba haidrojeni na salfa, wale wa harufu ya yai viza, zikibanwa sana zitafaulu. Mwaka 2015 ikathibitishwa Ujerumani, nyuzi 70 tu chini ya sifuri, ila kwa kubanwa kati ya almasi mbili kwa zaidi ya mara milioni moja ya kanieneo ya hewa tunayovuta. Huwezi kutengeneza waya hivyo.

Kinachonichekesha zaidi ni magnesiamu na boroni. Unga wake ulikuwa ukijulikana tangu miaka ya 1950. Haikujulikana kuwa ni supakondakta hadi mwaka 2001, ulipopozwa na kupimwa Japani.

Hosono na wenzake baadaye walipima takriban vitu 1,000. Makumi kadhaa vilifaulu. Vile vilivyofeli, kama 700, hawakuvitupa kapuni, walivichapisha kwenye orodha ili mwingine asije akawasha tanuri bure.