Kilichoonekana kichwani bila kutafutwa

Mama mmoja wa miaka hamsini na kitu alianguka na bodaboda. Kichwa kilipoendelea kumuuma akapigwa MRI, picha ya ndani ya kichwa inayotumia sumaku. Damu haikuwa imevujia kwenye ubongo, lakini ripoti ilikuwa na neno "meninjioma", na mwanawe alishalitafuta kwenye simu kabla hawajafika kituo cha daladala. Kesho yake asubuhi walikuwa mlangoni kwetu radiolojia, idara ya kusoma picha za mwili. "Daktari, usinifiche. Ni saratani?"

Haikuwa. Meninjioma huota kwenye utando unaoufunika ubongo, haioti kwenye ubongo wenyewe. Nyingi si saratani na hukua taratibu sana. Ya mama huyu ilikuwa na ukubwa wa punje ya mahindi na haikubana kitu. Uvimbe wa namna hiyo kwa kawaida hatufungui kichwa kuutoa. Tunarudia picha baada ya miezi kadhaa, tunapima tena.

Mjini Rotterdam, Uholanzi, watafiti waliwapiga MRI ya kichwa watu 2,000 wa kawaida, kuanzia miaka 45 hivi, wastani wao miaka 63. Matokeo yalitoka mwaka 2007. Asilimia 1.6 walikutwa na uvimbe usio saratani, hasa meninjioma. Asilimia 1.8 walikuwa na aneurizimu, yaani mshipa wa damu uliotuna mahali pamoja kama puto. Hiyo nayo, ikiwa ndogo, mara nyingi hufuatiliwa tu, ingawa uamuzi hutegemea mahali ilipo na historia ya familia.

Kilichoongoza ni kingine kabisa. Asilimia 7.2 walikuwa na makovu ya kiharusi ambacho hawakuwahi kujua kwamba kimewapata.

Inawezekanaje? Kimshipa chembamba kama uzi kinaziba ndani kabisa ya ubongo, na kisehemu cha milimita chache kinakufa. Kikiwa kwenye njia ya mkono au ya ulimi, mtu anapooza au anashindwa kusema, na nyumba nzima inajua. Kikiwa pembeni kidogo tu, anaamka na kwenda sokoni kama jana. Mimi naja kukiona baada ya miaka: kitundu cheusi chenye ukingo mweupe. Mara nyingi kimezungukwa na madoa meupe, ambayo mawili matatu kwa mtu wa miaka hamsini hayanishtui. Nayaita mvi za ubongo. Yakiwa mengi na yameungana, swali langu la kwanza ni presha, kisha sukari na sigara. Katika utafiti mwingine wa Rotterdam, wazee wenye makovu hayo ya kiharusi walipata ugonjwa wa kusahau zaidi ya mara mbili ya wasio nayo.

Kwetu Afrika Mashariki kuna pia vinundu vya chokaa ndani ya ubongo, ambavyo CT-scan, picha ya eksirei ya tabaka kwa tabaka, huvionyesha vizuri kuliko MRI. Ni mabaki ya tegu wa nguruwe, mnyoo bapa mrefu. Watu husema "mimi kitimoto sili", lakini vinundu hivi huletwa na mayai ya tegu yanayotoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye mnyoo huo, kwa mikono au mboga zisizooshwa. Asiyekula nguruwe anaweza kuwa navyo. Kinundu kilichogeuka chokaa chote mdudu wake ameshakufa, hakihitaji dawa ya minyoo. Ila aliyewahi kupata degedege ukubwani amwambie daktari.

Nikarudi kwenye picha ya yule mama. Chini ya mstari wa meninjioma, ripoti ilikuwa na mstari mwingine ambao mwanawe hakuutafuta kwenye simu: kovu moja dogo la zamani, upande wa kushoto. Nikamwomba muuguzi ampime presha. Ilisoma 172 kwa 104.

"Dawa nilipewa mwaka jana," akasema, akifungua pochi. "Nikaona sijisikii vibaya, nikaziacha." Zilikuwa bado kwenye bahasha yake ya kaki, zimepungua vidonge vinne.