Mkaa wa Iona uliotunzwa kwenye viboksi vya kiberiti

Watu wakisikia akiolojia huwaza sururu na mashimo. Mimi ni mtafiti wa malikale, na kazi yangu nyingi iko stoo, kwenye makasha ya uchimbaji wa zamani. Ukitaka kujua kwa nini naithamini hivyo, tazama Iona.

Iona ni kisiwa kidogo magharibi mwa Scotland. Columba, mtawa kutoka Ireland, alianzisha monasteri hapo mwaka 563, akafariki 597. Karne moja baadaye Adomnán, abati (mkuu wa monasteri) wa 9, aliandika habari za maisha ya Columba, akimtaja akiandika ndani ya kibanda kilichojengwa mahali palipoinuka. Na kweli, mbele ya abasia (monasteri) ya leo kuna kilima cha mwamba kiitwacho Tòrr an Aba. Mwaka 1957 mwanaakiolojia Charles Thomas alichimba juu yake, akakuta mabaki ya kibanda cha fito kilichoteketea kwa moto. Juu ya mabaki hayo palikuwa pamefunikwa kokoto za ufukweni, na palikuwa na shimo la kusimikia msalaba.

Wakati huo upimaji wa kaboni, unaokadiria mti uliota lini, ulikuwa bado mchanga na ulidai mkaa mwingi. Thomas akautia mkaa wake kwenye viboksi vya kiberiti, ukakaa miongo kadhaa katika gereji yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow waliupima, na mwaka 2017 wakatangaza majibu: ni wa kati ya mwaka 540 na 650.

Aina ya mti nayo ina uzito wake. Mkaa ule ni wa hazel, mti mdogo ambao fito zake hukatwa zingali changa. Ungekuwa wa kiini cha mti mzee, tarehe ingeweza kurudi nyuma hata karne nzima kabla ya ujenzi. Na pasipo kumbukumbu za mahali ulipotoka, ungekuwa mkaa tu kama wa jikoni. Ndiyo maana kabla sijafungua kasha lolote, nanakili kila kilichoandikwa juu yake.

Je, ni kibanda cha Columba? Tarehe inaangukia enzi zake, lakini mkaa hautaji jina la aliyekaa ndani. Ninachokiona mimi kuwa na nguvu zaidi ni zile kokoto. Hazikupanda kilima zenyewe: kuna watu walizibeba kutoka ufukweni, wakapafunika mahali pale kwa makusudi, kisha wakasimika msalaba.