Kumtegemea Mungu: yasemwayo barazani na yaliyomo kwenye dini

"Mwenye kutawakali hahangaiki, riziki humfuata."

Kutawakali ni kumtegemea Mungu, na wanaosema hivi hupenda hadithi ya ndege: lau tungemtegemea Mwenyezi Mungu inavyopasa, angeturuzuku kama anavyowaruzuku ndege. Husahau kwamba ndege hao hutoka. Asubuhi huondoka na matumbo matupu, jioni hurudi wameshiba. Walikuwepo pia watu wa Yemen waliokwenda Hija bila masurufu, wakijiita wenye kutawakali, kisha wakifika Makka wanaombaomba. Ndipo ikateremka aya ya 197 ya Suratul Baqara, inayoamrisha kuchukua masurufu.

"Ukimtaka mtu msaada, imani yako ina walakini."

Basi tuitazame Hijra, kuhama kwa Mtume kutoka Makka kwenda Madina, mwaka 622. Mtume (s.a.w.) na Abubakar hawakushika njia ya Madina moja kwa moja. Madina iko kaskazini mwa Makka. Wao walikwenda kusini, wakajificha siku tatu katika pango la Thaur. Mchana Abdullah, mwana wa Abubakar, alikuwa Makka akitega sikio kwa Makureshi, kabila lililokuwa likiwasaka, usiku akiwaletea habari. Amir bin Fuhaira aliwapitishia mbuzi wapate maziwa. Kiongozi wa njia, Abdullah bin Uraiqit, alikodiwa kwa ujira, na wala hakuwa Mwislamu!

Pamoja na maandalizi yote hayo, waliokuwa wakiwasaka walifika hadi mlangoni mwa pango. Abubakar akasema, mmoja wao akitazama miguuni pake tu, atatuona. Hapo hapakuwa na mpango tena wala mtu wa kukimbilia. Mtume akamwambia, "Usihuzunike, hakika Mwenyezi Mungu yu pamoja nasi." Kutawakali hujulikana hapo, sababu zote zinapokwisha.

"Tajiri hawezi kutawakali."

Abdurrahman bin Auf alifika Madina mikono mitupu. Saad bin Rabii, mwenyeji wa Madina, akamwambia achukue nusu ya mali yake. Abdurrahman akamwombea baraka, akataka aonyeshwe soko lilipo, akarudi na jibini na samli ya faida. Baadaye akawa miongoni mwa masahaba matajiri kabisa. Qaruni, tajiri wa zama za Nabii Musa, naye alikuwa na hazina, ila alidai amezipata kwa ujuzi wake mwenyewe. Tofauti yao ni hiyo.

"Tukiwa wengi, nani atatuweza?"

Hii ni ndugu yake "nina mtu wangu wizarani". Katika vita vya Hunain, mwaka wa 8 Hijria, Waislamu walikuwa kama 12,000, na wingi huo ukawapendeza. Shambulio la kwanza likawatawanya. Suratu Tawba, aya ya 25, inasema ardhi ikawa finyu juu yao pamoja na upana wake. Waliosimama na Mtume walikuwa wachache. Akamwamuru ami yake Abbas, mtu wa sauti kubwa, awaite waliokimbia, nao wakarudi huku wakiitika, "Labbaika", yaani tumeitika.