Ardhi haichuji mbolea yote

Unguja kuna imani ya miaka mingi kwamba mbolea ikimwagwa shambani, ardhi huichuja, na maji ya kisima hubaki safi. Samadi ndiyo kabisa, eti kwa kuwa ni ya asili.

Udongo huchuja tope na baadhi ya vijidudu. Nitrati, kemikali yenye nitrojeni inayotokana na mbolea ya dukani ya urea na samadi vilevile, huyeyuka na kushuka na maji. Na huko maweni, Makunduchi na Paje, udongo ni haba. Chini yake ni jiwe la matumbawe lenye nyufa na mapango. Mvua ya masika haikawii kufika kisimani.

Kuchemsha nako hakusaidii. Maji hupungua sufuriani, nitrati hubaki, ikazidi kukolea. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita, hasa kwa ajili ya watoto wachanga wanaokorogewa maziwa ya kopo, maana nitrati hupunguza uwezo wa damu kubeba oksijeni.

Kwa hiyo sharti la kuweka mbolea mbali na kisima si usumbufu wa maofisa. Tena uangalifu wa mbolea una faida: mkulima wa mpunga Cheju akigawa urea kwa awamu na kuepuka siku za mvua kubwa, mbolea aliyoinunua huliwa na mpunga wake.