Bima ya afya kwa wote: yanayosemwa na yalivyo

"Bima yangu analipa mwajiri, ya nini kuivuruga?"

Hii ndiyo dhana yenye mizizi mirefu kuliko zote. Itazame hati yako ya mshahara: makato yako yameandikwa, lakini mchango wa mwajiri mara nyingi haumo, ndiyo maana tunauona kama hisani. Mwajiri mwenyewe haoni hivyo. Akipanga bajeti, anahesabu unamgharimu kiasi gani kwa jumla, bima ikiwemo. Sehemu kubwa ya fedha hiyo ingekuwa mshahara wako.

Hata chanzo cha bima ya kazini, kwa Marekani, si huruma. Mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto, serikali ilidhibiti mishahara isipande. Kampuni zikaanza kugombea wafanyakazi kwa mafao, na bima ya afya ikashika kasi hapo.

Sasa mfikirie mtu anayesafishwa damu mara tatu kwa wiki. Anakosa kazini siku hadi siku, mwishowe anaachishwa. Anakabidhi funguo za ofisi na, kwa mkono uleule, kadi ya bima. Ugonjwa umemnyima kazi, kazi imemnyima matibabu.

"Serikali itamiliki hospitali zote." Si lazima. Uingereza ilifanya hivyo kwa sehemu kubwa mwaka 1948. Kanada haikufanya: madaktari wengi wanajitegemea, wanapeleka madai yao kwenye bima ya jimbo. Madaktari wa jimbo la Saskatchewan waliugomea mpango huo kwa siku 23 mwaka 1962, na walipomaliza mgomo hawakugeuka kuwa waajiriwa wa serikali.

"Mpaka nchi itajirike kwanza." Thailand haikusubiri, ilifikisha bima kwa wote mwaka 2002. Korea Kusini nayo ilianzia kwa waajiri, mwaka 1977, kwenye kampuni zenye wafanyakazi 500 au zaidi. Kufikia 1989 bima ilikuwa imewafikia wote. Ugumu ulikuwa kwa wakulima na waliojiajiri, maana hawana mshahara wa kukatwa. Mifuko ya bima yenyewe, zaidi ya 350, iliunganishwa kuwa mmoja mwaka 2000 tu, kwa hiyo anayedhani haya mambo hufanyika kwa usiku mmoja naye anajidanganya.

"Itakuwa bure." Hapana, na wanasiasa wanaolipenda neno hili wanatuharibia mjadala. Unalipa kwa kodi au mchango, ila unalipa kabla hujaugua, na kwa kadiri ya kipato.

"Foleni zitakuwa ndefu." Hapa kuna ukweli. Wakanada wanaosubiri upasuaji wa nyonga wana haki ya kulalamika. Lakini Taiwan, kabla ya bima ya taifa kuanza Machi 1995, karibu watu wanne kati ya kumi hawakuwa na bima kabisa, na aliyebaki nyumbani na maumivu yake kwa kukosa fedha hakuna foleni iliyomhesabu.

"Bima ya kazini itafutwa." Ufaransa ina bima ya taifa, na bado tangu Januari 2016 waajiri wa sekta binafsi wanalazimika kuwapa wafanyakazi bima ya nyongeza, kujazia pale ya taifa inapoishia.