Silaha za Kuokoteza Mezani: Dhana Potofu na Ukweli

Vita vikizuka na upanga uko mbali, mchezaji hukamata kiti, na ubishi huanza papo hapo. Tunazungumzia hapa silaha za kuokoteza, yaani vitu vinavyotumiwa kupigana bila kuundwa kwa matumizi hayo, katika toleo la tano la mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu, Dungeons & Dragons, kwa kanuni za 2014.

Dhana: Kitu kikiwa kizito zaidi, kinaumiza zaidi.
Sivyo. Kikaango na gurudumu la mkokoteni vyote hutoa jeraha la dadu moja ya pande 4, pamoja na nyongeza ya uwezo wa mhusika. Anachochagua mwongoza mchezo (anayesimulia kisa na kuamua kanuni) ni aina ya jeraha: kiti kinaponda, chupa iliyovunjika inakata. Wengi huchanganya hili na kuangusha kabati la vitabu juu ya adui. Hilo halihesabiwi kama pigo la silaha; jedwali la majeraha ya kubuni, lililo katika kitabu cha mwongoza mchezo, hutoa dadu moja ya pande 10.

Dhana: Silaha ya kuokoteza haipati kamwe nyongeza ya ustadi.
Inategemea kitu hicho kinafanana na silaha gani. Mguu wa meza ni rungu, kwa hiyo mwenye ustadi wa rungu anaweza kuutumia kama rungu, mwongoza mchezo akiridhia. Tuchukue mhusika mwenye Nguvu 16 (nyongeza +3) na ustadi +2, dhidi ya adui mwenye kinga 13, yaani jumla ya kufikia ili pigo limpate. Kwa mguu wa meza anatupa dadu ya pande 20 na kuongeza 5, hivyo 8 inamtosha: nafasi ya asilimia 65. Kwa kiti anaongeza 3 tu, anahitaji 10: asilimia 55. Jeraha halibadiliki, maana rungu lenyewe nalo ni dadu ya pande 4. Kelele zote hizo, kumbe ni za pointi 2 za kulenga! Uamuzi utolewe kabla dadu haijatupwa. Ukitolewa baadaye utaonekana upendeleo hata kama ni wa haki.

Dhana: Silaha halisi hubaki na jeraha lake hata ikitumiwa kinyume.
Upanga mkubwa wa mikono miwili hutoa dadu 2 za pande 6, lakini ukiurusha unashuka hadi dadu moja ya pande 4, kwa kuwa haukuundwa kurushwa. Upinde ukiugeuza fimbo, hali ni ileile. Masafa ya kurusha ni futi 20. Kati ya hapo na futi 60 unatupa dadu mbili za pande 20 na kuchukua iliyo ndogo. Zaidi ya futi 60, haiwezekani.

Dhana: Mwizi (aina mojawapo ya wahusika) anaweza kuvizia kwa kiti.
Hapana. Shambulio la kuvizia, pigo lake lenye jeraha la ziada, linadai silaha ya ufundi (inayoweza kutumia Wepesi badala ya Nguvu) au silaha ya masafa, na kiti si mojawapo, hata kikirushwa.

Dhana: Michezo yote ina kanuni hizi.
Toleo la pili la Pathfinder, mchezo mwingine wa aina hii, hukata pointi 2 kwenye kulenga, na jeraha huamuliwa na mwongoza mchezo. Toleo lake la kwanza, sawa na Dungeons & Dragons 3.5, hukata 4.