Kabla ya kununua turbo, badilisha mafuta ya breki

Siku ya mashindano ya magari kazi yangu huanza nikiwa nimelala chali. Mimi ni mkaguzi: gari haliingii uwanjani mpaka nimelitikisa magurudumu na kulichungulia uvunguni. Swali ninaloulizwa zaidi na wageni wa mchezo huu, hata kabla sijajifuta grisi, ni moja: "Nianze na gari gani?" Jibu langu huwaudhi. Anza na ulilonalo, mradi liwe zima. Kama huna, kodi karti, kile kigari kidogo cha mbio kisicho na paa.

Watu huidharau karti wakidhani ni ya watoto. Haina springi wala difu (gia zinazoyaachia magurudumu mawili kuzunguka kwa kasi tofauti kwenye kona), kwa hiyo kila kosa unalolifanya linakufikia kiunoni palepale. Mabingwa wa Formula 1 Ayrton Senna, Michael Schumacher na Lewis Hamilton wote walianzia huko, na hakuna aliyeona aibu.

Ukishaipenda karti, nenda kwenye mbio za koni. Koni hupangwa kwenye eneo la wazi, magari huenda moja moja kushindana na saa, na ukikosea unagonga plastiki na kuongezewa sekunde. Baadaye zipo siku za mazoezi kwenye saketi, yaani uwanja wa mbio, ambako hakuna mshindi. Kupitana kwa kawaida huruhusiwa kwenye sehemu zilizonyooka tu, tena aliye mbele akishakupa ishara. Kubanana mlango kwa mlango na wengine kutakuja wakati wake, ukiwa na leseni ya mashindano.

Sasa tuje kwenye pesa, maana hapa ndipo wengi wanapotea. Nami nilipotea. Gari langu la kwanza nililifunga eksozi mpya iliyonguruma kama simba, nikasahau mafuta ya breki yaliyokuwa mle tangu nilinunue. Mzunguko wa tano, mwisho wa sehemu ndefu iliyonyooka, nikakanyaga pedali ikazama hadi sakafuni kama nimekanyaga sifongo. Nikapampu, nikashusha gia, nikaishia kwenye kokoto. Eksozi ilikuwa bado inanguruma.

Kilichotokea ni hesabu tu. Nishati ya gari hukua kwa mraba wa mwendo: ukisimama kutoka kilomita 160 kwa saa, breki zinameza joto mara nne ya lile la kilomita 80. Joto hilo hupanda hadi kwenye mafuta ya breki, na mafuta hayo yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka. Mafuta haya huuzwa kwa madaraja ya DOT. DOT 4 mpya haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishanyonya maji, kiwango kinachotakiwa ni 155 tu. DOT 3 ni 205 na 140, na DOT 5.1 ni 260 na 180. Yakichemka yanatoa mapovu, na povu, tofauti na mafuta, linabanika. Mguu wako unabana mvuke badala ya kubana diski. Kwa hiyo weka mafuta mapya, toa upepo wote kwenye mfumo, kisha nunua pedi zinazostahimili joto. Angalizo: DOT 5 bila ile ".1" ni silikoni, kitu kingine kabisa, usiichanganye na hizo nyingine.

Ukimaliza zamu yako uwanjani, endesha mzunguko mmoja taratibu bila kugusa sana breki ili zipoe. Ukiegesha, usivute breki ya mkono. Pedi za moto zinaweza kung'ang'ania diski. Acha gari likiwa kwenye gia, weka kigingi chini ya tairi. Upepo wa matairi pima hapohapo yakiwa ya moto, kwa sababu hupanda yakipata joto, kisha kaza nati upya kwa spana ya kipimo.

Helmeti usinunue iliyotumika, huwezi kujua iliwahi kuanguka wapi. Zile za pikipiki zenye alama ya Snell M (Snell ni taasisi inayopima helmeti) hazipimwi kwa moto. Za magari, kama SA2020, hupimwa. Na usikimbilie kufunga mkanda wa mbio wa pointi sita kwenye gari la kawaida. Mkanda huo huushika mwili wote, kichwa kikabaki kwenda mbele peke yake. Ndiyo maana unaendana na kifaa cha kushika shingo, HANS, ambacho Formula 1 ilikifanya cha lazima mwaka 2003.

Kuhusu uendeshaji wenyewe nitasema moja tu, mengine atakufundisha mwalimu wa kiti cha pembeni. Mgeni akiogopa katikati ya kona huachia pedali ya mafuta ghafla. Uzito unakimbilia mbele, nyuma inakuwa nyepesi, gari linajizungusha. Tairi lina uwezo mmoja wa kushika lami, na kusimama na kukata kona vinagawana uwezo huohuo. Punguza mwendo ukiwa bado umenyooka, kisha ingia kona mguu ukiwa mtulivu.

Bendera zisome usiku wa kuamkia siku yenyewe: njano ni hatari mbele na hakuna kupitana, nyekundu ni zamu imesimamishwa, ya mistari ya njano na nyekundu ni lami inateleza. Soma pia hati ya bima yako. Nyingi hazigusi kabisa kinachotokea uwanjani.

Ninaowarudisha asubuhi mara nyingi hawana kosa la injini. Ni betri isiyofungwa imara, beringi inayocheza, mafuta yanayovuja, au chupa ya maji iliyoachwa chini ya kiti, ambayo kwenye breki ya kwanza itabingirika hadi nyuma ya pedali. Hiyo chupa iache nje.